Tumbo la Mkung'uta-nguo

Ndandalo, Kyela

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kibarazani na lile koti lako zito, na baridi ya Lushoto haijakuingia kifuani. Macho je? Daktari aliwaambia mrudi baada ya mwezi. Mlirudi, au ulisema tena kwamba nauli ni bora inunue mbegu? Na wewe Yunisi mdogo wangu unayemsomea, hujambo? Nakuomba usome yote kama nilivyoandika. Usiruke mahali popote, hata ukiona aibu kwa niaba yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Kilichochafuka ni moyo, na tumbo.

Kwanza nitubu. Mmepiga simu mara nyingi, nami nikawaandikia kwamba mtandao wa huku umeharibiwa na mvua. Mtandao ni mzima kabisa. Nilikuwa naogopa kuulizwa swali moja.

Baba, siku uliyonisindikiza stendi ulinipa daftari ukanituma kazi. Ulisema macho yako yamegoma, basi yangu yafanye: nikuandikie ndege wote wanaotua uani kwangu. Nilikubali kwa kuwa ni wewe. Ulibeba nyavu za watafiti wa ndege msituni tangu ujana wako, na ndege uliwapenda kuliko sisi watoto wako, wala usikatae. Mimi sikuwapenda. Ni mkunga, nashika damu na kondo la nyuma kila siku, narudi nyumbani nakula ugali bila shida. Lakini ndege wananitia kinyaa.

Na ndege wa huku wamezidi. Kunguru wanaiba usipa, ndivyo wanavyowaita dagaa wa ziwa hili, kwenye kichanja cha mama mwenye nyumba. Wanakula vichwa, matumbo wanayadondosha kwenye ndoo yangu ya maji. Kwarara wawili wanalala juu ya kamba yangu ya nguo, na gauni langu jeupe la kazini nalifua mara mbili kila wiki kwa sababu yao. Yangeyange, yule mweupe uliyekuwa ukimsifia usafi, nimemwona kwa macho yangu akidonoa funza nyuma ya choo. Nilimwandika kwenye daftari, lakini usafi wake sikuuandika.

Mwenye nyumba wangu anaitwa Mzee Ambakisye, mkulima wa mpunga na kakao, na mkewe ni Mama Tupo. Ni watu wema mno. Asubuhi hawaniachi nipite bila kuniuliza "ugonile", yaani kama nimelala salama, na wanasubiri jibu. Shida ni kwamba nikimuuliza mzee jina la ndege, ananijibu ladha. Yule wa manjano anayefuma viota kwenye mgomba? Mfupa mtupu. Hua? Mchuzi wake unamfaa mzazi. Tipitipi? Ananuka matope hata umchemshe siku nzima. Kwa hiyo daftari lako lina ndege wengi, ila nusu yao wamekaa humo kama chakula.

Ikaja ile jioni tuliyokuwa tunaongea kwa simu huku naanua nguo. Mvua ilikuwa imekatika. Kwenye mikakao nyuma ya jiko kitu kikalia prrup, mara moja tu. Ukanikatiza katikati ya sentensi.

"Huyo ni mkung'uta-nguo," ukasema.

Ukanieleza kwamba nyinyi wabeba nyavu ndivyo mlivyomwita, kwa kuwa mlio wake ni wa mtu anayekung'uta nguo mbichi mara moja kabla ya kuianika. Huja na mvua, hutembea chini kwenye majani yaliyooza, hataki kuonekana. Ulimsikia mara tatu maishani na hukumwona hata mara moja. Yule mtafiti wako alidai ana mgongo wa kijani na tumbo jekundu, nawe ukambishia mpaka siku aliyorudi kwao, ukisema ndege wa kutembea matopeni hawezi kuwa na tumbo jekundu. Nilidhani unacheka, kumbe ulikuwa umebadilika sauti.

"Mwangalie tumbo, Mbazi," ukasema. "Nataka nijue kabla sijafa kama nilimbishia mtu bure."

Basi nikamtazama. Wiki mbili, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, nilikaa juu ya debe lililopinduliwa, miguu matopeni, mbu wananila mpaka kope. Nilimwona mgongo mara mbili, wa kijani kweli, na bawa lina madoa ya buluu yanayong'aa. Tumbo hakunionyesha. Mzee Ambakisye alikuwa akipita na panga lake, ananitazama, anatazama kule ninakotazama, anaendelea na njia yake. Sikumweleza kitu. Niliona haya kumwambia mtu mzima kwamba nesi wao anakaa juu ya debe kwa ajili ya ndege. Niliposikia Mama Tupo akinong'ona kwamba nimekonda kwa kukataa usipa wake, nilijifanya sikusikia.

Jumamosi iliyopita walinialika chakula cha mchana. Mama Tupo alikuwa ametoka Lyulilo na chungu kipya, hivi vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuletwa sokoni kwa mtumbwi, akasema lazima mimi nikifungue. Ndani mlikuwa na mbalaga, ndizi zao za kupika, na juu yake kipande cha nyama kidogo kilichokaangwa kikaiva vizuri. Wao hawakula. Walikaa wakanitazama. Niliuliza kama ni kifaranga, Mama Tupo akasema nile kwanza. Nikala. Nilikuwa na njaa, Baba, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku chakula kilinipendeza. Nilitafuna mbavu. Nilifyonza mfupa wa paja. Nilisifu.

Ndipo mzee akatabasamu.

"Ndiye yule wako," akasema. "Macho hayana pazia, mwanangu. Wiki mbili nakuona unamtamani. Nikasema, binti huyu yuko mbali na kwao, afe na hamu yake mimi nipo? Nimemtegea tanzi siku nne."

Nilimwambia "ndaga fijo", ndiyo asante yao kubwa, na nikaisema nikitabasamu. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikatapika mpaka nikaona nyongo. Nilitaka kumchukia yule mzee, nikashindwa. Kalala chini kwenye tope siku nne na mgongo wake mbovu, kwa ajili yangu. Kwa hiyo chuki yote ikabaki kwangu. Najionea kinyaa. Na kinachonikera kuliko vyote, Yunisi usiruke hapa, ni kwamba alikuwa mtamu. Mpaka leo ulimi unaukumbuka utamu ule, nikitema mate hautoki.

Lakini swali lako lilikuwa bado halijajibiwa, kwa sababu kwenye sahani ndege wote wana rangi moja. Nikamuuliza Mama Tupo alimnyonyolea wapi. Akanionyesha shimo la taka nyuma ya jiko, na mvua ilikuwa imenyesha juu yake tangu asubuhi. Nikaingia, mikono mitupu. Matumbo ya usipa ya siku tatu, maganda ya kakao yaliyogeuka uji mweusi, majivu, funza wananipanda hadi kwenye viwiko. Kila unyoya niliovuta ulikuwa wa kuku. Mama Tupo alisimama juu yangu, nadhani aliamini nimerukwa na akili, akaniuliza natafuta nini. Nikalia, nikamwambia yote: wewe, nyavu, mtafiti, macho.

 Alifunga kanga kiunoni, akashuka shimoni, akaanza kuchambua pamoja nami. Mzee akaja kuona tunafanya nini, mkewe akamweleza kwa Kinyakyusa. Akakaa juu ya debe langu. 

"Ungeniambia ni macho ya baba yako," akasema, "ningemkamata mzima, nikakuletea umgeuze, kisha ningemwachia."

 Wao walinitegea na kunipikia kwa upendo. Mimi ndiye niliyeona haya kusema sentensi moja.

Tangu siku hiyo mikakao iko kimya. Asubuhi nikikung'uta shuka zangu kabla ya kuzianika, nasimama kidogo kusikiliza, na hakuna anayenijibu. Mzee naye nimemwona akisimama pale na panga lake, akisikiliza.

Yunisi, nisalimie mama mdogo, mwambie mtama nimeupokea. Shangazi anayeuza pea pale njia panda mpe shikamoo yangu, na mchungaji aliyeniombea safari. Binamu fundi baiskeli mwambie asimcheke Baba kwa jambo hili, maana akicheka nitasikia. Mzee Ambakisye na Mama Tupo wanakusalimu sana, Baba, na mzee anaomba umsamehe. Mimi sijathubutu kuomba.

Yunisi, simama hapa. Ndani ya bahasha kubwa mna bahasha ndogo. Ifungue polepole karibu na mkono wake, upepo usichukue. Ni vinyoya saba tu, laini, nimeviosha kwa sabuni maji matano mpaka harufu ikaisha. Viweke kwenye kiganja chake, ukikunje, kisha ndiyo usome mstari unaofuata.

Baba, hilo ulilolishika ni tumbo lake. Ni jekundu. Ulimbishia bure.

Mwanao uliyemtuma kutazama akala,

Mbazi