Mkono Usionyooka

Barahona, 6 Novemba 1989

Mdogo wangu Nereida,

Salamu kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na huo ubaridi wa New York, na miguu yako ya kusimama kiwandani? Mimi mzima wa kutosha. Nimechoka tu, na kuchoka si ugonjwa. Naandika mwenyewe, usimpe jirani asome akaucheka mwandiko. Mkono wangu unaujua.

Mwanao Eligio anarusha mpira wa besiboli vizuri. Simsifu mbele yake. Wapigaji wanazungusha gongo wakati mpira umeshatua kwenye glavu. Jumapili aliwarudisha benchi kumi na mmoja. Watu wananiambia, "Demetrio, mpwa wako amekurithi." Nawaambia amerithi nusu. Mimi mwaka 1952 nilirusha raundi kumi na sita mechi moja, peke yangu, na kawaida mechi ni raundi tisa. Meneja wetu, don Quico, alikuja katikati ya uwanja kuutaka mpira ili anitoe, nikautupa miguuni pake. Akainama, akauokota, akanirudishia, akaenda kukaa. Tukashinda. Nani mwingine nchi hii?

Sasa meneja ni mimi, mwaka wa ishirini na mbili, na kombe sijaligusa. Mwenye timu, don Abelardo, amesema ni safari hii au nikafuge kuku. Kwa mkono wa Eligio, kombe hili ni langu.

Kaka yako mkubwa,
Demetrio


New York, 23 Novemba 1989

Kaka Demetrio,

Natumaini umeamka salama na presha imetulia. Mimi sijambo, magoti ndiyo yanalalamika. Nimekutumia soksi.

Kaka, hadithi ya 1952 umenisimulia mara mia, na mara zote unaikatisha kwenye ushindi. Leo niimalizie mimi. Kesho yake asubuhi mkono haukuinuka. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikakufunga vifungo vya shati. Na siku iliyofuata. Na miaka miwili mizima, mpaka ulipomwoa marehemu Zunilda akanipokea kazi hiyo. Hukurusha tena hata jiwe la kufukuzia mbwa. Ulikuwa na miaka ishirini na sita, kaka.

Wamarekani watampa Eligio mkataba wa kuchezea timu yao Februari, mkono ukiwa mzima. Akiumia hatasema, maana ni damu yetu ya vichwa vigumu. Wewe utaona. Ukiona, nenda ukauchukue mpira. Usimtume msaidizi wako Chago kama ulivyozoea, Eligio hatampa Chago mpira. Nenda mwenyewe. Naomba hilo tu.

Mdogo wako,
Nereida


Barahona, 15 Desemba 1989

Nereida,

Hujambo? Sisi wazima. Soksi zimefika, soksi nzuri. Zina joto mno kwa Barahona, lakini nazivaa.

Eligio nilimuuliza mbele ya wenzake. Aliingia na adabu zake, "Baraka, mjomba."

"Mungu akubariki. Mkono?"

"Wa chuma."

"Chuma hushika kutu, mpumbavu wewe."

"Wako ndio umeshika, mjomba. Ndiyo maana haukunjuki."

Timu nzima ikaangua kicheko, na Chago akiwemo, asiye na haya. Sikumpiga kwa sababu ni mwanao.

Tumebakiza mechi sita kufika fainali. Pole na kazi.

Kaka yako,
Demetrio


New York, 4 Januari 1990

Kaka,

Heri ya mwaka mpya. Sisi wazima, theluji imefika dirishani.

Nilikuomba jambo, ukanijibu soksi.

Nereida


Barahona, 14 Januari 1990

Nereida,

Salamu. Mzima.

Basi sikiliza. Miaka ishirini na mbili sijamnyang'anya mwanamume mpira mkononi. Chago namtuma kuuliza tu, anayechoka atasema. Kwenda mwenyewe ni kumwambia mtu mbele ya mji mzima kwamba hawezi. Wewe shona magauni, uwanja niachie mimi.

Tumeingia fainali.

Kaka yako,
Demetrio


Barahona, 5 Februari 1990

Mdogo wangu Nereida,

Hujambo? Mimi usiniulize.

Utakuwa umeshasikia kwa watu wa huko. Mechi ya mwisho tulikuwa mbele, mawili kwa moja, raundi ya nane. Watu wamejaa hadi juu ya ukuta. Eligio akapangusa kiganja kwenye suruali. Nikasema ni jasho. Akapangusa tena, nikatazama pembeni. Mara ya tatu Chago akasema, "Mzee, niende?" Nikamwambia kaa. Kupangusa kule nakujua. Bega likiwaka moto unatafuta sekunde mbili za kupumua, na jasho ndilo kisingizio. Nilikuwa nikifanya hivyo mimi.

Nikaenda. Njia ile ni ndefu kuliko ya Santo Domingo. Wakanizomea. Mmoja akapaza sauti, "Mrudisheni babu akanywe uji!"

Eligio akasema, "Rudi ukakae, mjomba. Nina nguvu."

"Uongo huo naujua. Ni wangu."

"Wewe mechi yako uliimaliza!"

"Niliimaliza. Tazama." Nikanyoosha mkono. Unajua unapokomea. "Haufiki zaidi ya hapa. Sogea wewe."

Hakusogea. Akautupa mpira miguuni pangu, watu elfu saba wanatazama. Nikainama, nikauokota. Don Quico alipouokota wangu alinirudishia. Mimi wa Eligio niliutia mfukoni.

Akaingia mrushaji mwingine, wapinzani wakaipiga mipira yake. Tukafungwa matatu kwa mawili. Don Abelardo hakungoja hata nivue viatu. Ukiulizwa, sema Demetrio ameacha mwenyewe, alikuwa amechoka tangu Krismasi. Si uongo sana.

Eligio anapita mlangoni kwangu bila kuomba baraka. Atapitia kwako akienda kambini kwa Wamarekani. Mpe baraka zangu, useme ni zako.

Mpira uko juu ya redio.

Kaka yako,
Demetrio


New York, 4 Machi 1990

Kaka Demetrio,

Natumaini unakula, na kwamba kuku umewanunua. Mimi sijambo.

Eligio alilala kwangu siku nne, ameondoka jana. Mkataba ametia saini. Daktari wao aliugeuza mkono huku na huku, akasema mzima kabisa. Basi akaja juu: "Unaona, mama? Mzima! Ningeimaliza ile mechi. Mjomba kanipokonya kombe." Nikamwambia kula. Hakukuulizia, sitakudanganya. Baraka zako nilimpa nikasema ni zangu, akazipokea.

Jana asubuhi kulikuwa na baridi kali. Alisimama mbele ya kioo, akafunga vifungo vya shati vyote, kuanzia chini hadi cha shingoni, haraka haraka, huku ananiuliza kahawa iko wapi. Nikabaki navitazama vidole vyake. Akageuka, akasema, "Mama, unatazama nini?"

Nikamwambia, shati limekukaa vizuri.

Mdogo wako,
Nereida