Jina la Pankras Ndani ya Kopo

Morogoro,
9 Novemba 2023

Babu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la chaki uliloliacha miaka ishirini iliyopita? Mimi ni mzima, na Mama Mdogo Celestina anakusalimu.

Nimejiunga na mchezo mpya, nami nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukunja uso, mume wangu mzee. Unaitwa jiokashi. Mtu huficha kopo mahali, kisha huweka alama kwenye ramani ya simu. Wengine hulitafuta, wakilipata huandika majina yao kwenye karatasi iliyomo ndani na kulirudisha palepale. Ukitaka, unaacha kitu kidogo na kuchukua kingine. Nimeshapata saba hapa mjini, lakini yote ni ya kitoto: moja chini ya benchi, jingine nyuma ya kibao cha duka. Sasa nayataka yale magumu, ya kupanda mlima na kutoka jasho.

Juzi nilifungua ramani ya nyumbani, nikapiga kelele ofisini. Lipo moja Mbuji, kwenye mlima ulio juu ya kigango! Liliwekwa na mgeni aliyepita, na limepewa nyota nne za ugumu. Nitakuja Krismasi. Nieleze njia nzuri ya kupandia.

Mjukuu wako,
Oliva

Mbuji,
24 Novemba 2023

Mjukuu wangu Oliva,

Marahaba. Kifua changu ni kizima. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitumaini kwamba mara ya kwanza nilikosea.

Una miaka ishirini na sita, una stashahada ya upimaji ardhi, nawe unainama chini ya mabenchi ya watu kutafuta makopo! Na huyo mgeni alipewa ruhusa na nani? Mlima ule una wenyewe. Njia inapita katika shamba la ngolo la Bibi Tadea, mjane wa marehemu Melkior. Umesahau kwamba kila kishimo na kila tuta la pale amelitengeneza kwa jembe lake, na kwamba mtu asiyejua kutembea humo huharibu kazi ya siku nzima kwa hatua tatu?

Ukitaka kutoka jasho, njoo mwezi wa Machi tukate nyasi za ngolo. Nyota zake zinazidi hizo nne. Njia sikuelezi.

Babu yako,
Mwalimu Leopold Ndunguru

Morogoro,
8 Januari 2024

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama, ingawa gari lilituharibikia Makambako, tukala mahindi ya kuchoma mpaka meno yakachoka. Natumaini nyote hamjambo.

Nina ungamo. Siku ile niliyosema nakwenda Mbinga kununua dawa ya meno, sikwenda. Pankras wa hapo kijijini alinipeleka kwa bodaboda yake hadi chini ya mlima, nikamwambia kwamba napanda kupiga picha. Nilipanda saa mbili nzima. Mara mbili nilikaa chini nikataka kulia, maana utelezi wa Desemba unaujua. Juu ya shamba la Bibi Tadea nikaona ufa katika mwamba, nikaingiza mkono mpaka begani. Limo! Kopo la maziwa, na ndani yake karatasi yenye majina ya watu tisa wa nchi za mbali. Niliandika jina langu la mchezo, Tai Jike. Chini yake nikaandika Pankras Kinunda, kwa shukrani, ingawa mwenyewe hajui, kwa kuwa alinisubiri katika manyunyu bila kunung'unika. Nikaacha kisanamu cha plastiki, nikachukua kifungo.

Ngolo sikukanyaga hata moja. Kasirika, lakini kidogo.

Mjukuu wako mtoro,
Oliva

Mbuji,
19 Machi 2024

Oliva,

Nakuuliza hali kwa kuwa ndivyo adabu itakavyo. Hujambo? Huku miili haijambo.

Mwezi wa Februari Pankras alianguka na pikipiki, akavunjika mguu. Tarehe 5 mwezi huu Herieth, jirani wa Bibi Tadea, alikuwa akikata nyasi karibu na mwamba, akaliona kopo lako. Alilifungua. Ndani mlikuwa na kisanamu cha mtu na orodha ya majina, la mwisho likiwa la Pankras. Alishuka mlima akipiga yowe la uchawi.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikusanyika nje ya kigango. Katekista akaisoma karatasi kwa sauti. Aliposhindwa kuyatamka majina ya kigeni, mtu mmoja alisema, "Hiyo ndiyo lugha yao wenyewe." Ignatio akaongeza, "Wenzake wote wameliwa. Pankras ameonjwa mguu tu." Watu walicheka, kisha wakaacha ghafla. Herieth akauliza, "Limekutwa juu ya shamba la nani?"

Bibi Tadea alisimama. "Jamani, mimi hata kuandika sijui!"

"Wenzako wanajua," Herieth akamjibu.

Jumapili iliyofuata, tulipoambiwa tupeane amani, Bibi Tadea alinyoosha mkono kulia, akanyoosha kushoto, usipokelewe. Jana alifunga mlango, akapanda gari la Mbamba Bay kwenda kwa binti yake Marselina. Nyasi zake zimekatwa nusu. Hata mtu mmoja hakujitokeza kumsaidia.

Haya ndiyo matunda ya mchezo wako! Mwanamke wa miaka sabini na moja ameondolewa kwake na kisanamu cha plastiki! Usiukanyage tena mlima ule. Wala usimwandikie mtu yeyote juu ya jambo hili. Liache lipoe.

Babu yako,
Mwalimu Leopold Ndunguru

Morogoro,
27 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Mimi si mzima. Barua yako nimeisomea chooni kazini ili wenzangu wasinione.

Kosa ni langu. Niliandika jina la mtu bila kumwuliza, nikaliacha juu ya shamba la mwingine bila kumwuliza pia. Nilikudanganya. Sikatai hata neno moja.

Lakini nimeisoma tena barua yako nikitafuta mahali uliposema wewe, na sipaoni. Katekista alisema. Ignatio alisema. Herieth alisema. Bibi Tadea, asiyejua kusoma, alisimama akasema. Wewe ulisema nini? Barua yangu ya Januari ilikuwa nyumbani kwako miezi miwili. Ulijua kopo lile ni la nini. Ulijua nani aliandika jina la Pankras. Hata mwandiko wenyewe ni wako, ulinifundisha wewe. Neno moja lingetosha, na Bibi Tadea angepewa mkono. Ulinyamaza, kisha ukaja kunifokea mimi niliye mbali!

Hilo la kuliacha lipoe sitalitii, unisamehe. Nimepata ruhusa. Nitafika Ijumaa, tarehe 19 Aprili, nisimame mbele ya watu. Ukitaka kunitangulia, unazo siku.

Mjukuu wako,
Oliva

Mbuji,
11 Aprili 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Natumaini umepata nafuu. Barua hii naituma kwa dereva wa basi, maana posta itachelewa.

Barua yako iliniudhi siku nne. Mara tatu nilianza kukujibu juu ya adabu ya mtoto kwa mkubwa, na mara tatu nikakosa sentensi ya pili. Siku ile ya mkutano nilikaa benchi la mbele. Niliutambua mwandiko kabla karatasi haijakunjuliwa yote. Nikawaza: watasema ni ukoo wa Mwalimu. Sikuwaza jingine.

Jumapili tarehe 7 nilisimama nikaisoma barua yako ya Januari yote, pamoja na dawa ya meno. Pankras, akiegemea magongo yake, akasema, "Kumbe ni Oliva! Nami nimemaliza maji ya baraka ya kigango kizima!" Watu walicheka mpaka wakajifuta macho. Hakuna aliyemtaja Bibi Tadea. "Mnacheka nini," nikawauliza, "na mlango wake umefungwa?" Herieth akanijibu, "Na wewe Mwalimu, mwezi mzima ulikuwa wapi?"

Jumatatu niliteremka Mbamba Bay. Nilimkuta anaanika dagaa wa binti yake. Nikamweleza yote. Aliendelea kuwageuza mpaka nilipomaliza.

"Herieth hakujua, Mwalimu," akasema. "Wewe ulijua."

Nikamwomba radhi, nikamwomba turudi nyumbani.

"Nilinyoosha mkono mbele ya watu wote. Leo unaniletea mkono mmoja, tena huku, pasipo na wa kuuona? Waje walionisema. Wanipe amani hapahapa, mbele ya majirani wa mwanangu, ndipo nitapanda gari."

Nimerudi peke yangu, na sasa napita nyumba kwa nyumba. Katekista ana semina. Ignatio anasema hewa ya ziwani humletea homa. Herieth hafungui, ingawa namsikia ndani akipepeta maharage. Kesho nitapita tena, na keshokutwa.

Usije Mbuji. Shukia stendi ya Mbinga, nitakungoja hapo. Jumamosi tutateremka ziwani pamoja na yeyote atakayekubali. Asipokubali mtu, mikono itakuwa miwili.

Babu yako