Matawi ya michikichi, Mama

Mama yangu uliye mbali Butembo,

Chama kinangojea mgeni wake tena. Tangu asubuhi vijana wanakata matawi ya michikichi na kuyafunga njiani kuwa pambo, hapa mtaani Kasuku kote, na mimi nimejifungia ndani kwa aibu.

Unakumbuka ulipoyaona mara ya mwisho? Tulikuwa tunatoka sokoni, umebeba majani ya sombe ya kupika. Ulitupa kila kitu, ukanivuta chini ya kitanda cha watu tusiowajua, ukaniziba mdomo. "Nyamaza, mutoto, wanakuya." Wakati wa vita waasi waliingia mjini wamejifunga majani hayohayo, nani wa Kindu asiyejua? Lakini baba aliwaambia majirani kuhusu kabila lako: "Njo vile Wanande wako. Woga tupu." Wakacheka. Wiki ileile akakupandisha lori la Lubutu, urudi kwenu.

Sasa sikia. Mwezi uliopita dada yake baba, shangazi Zaina, naye aliyakimbia matawi. Nyinyi wawili mlisikia sauti ambazo wengine hawazisikii hata kabla ya vita, yeye Mukusu, wewe Munande, na vita ikawakuta chini ya paa moja. Yeye alipelekwa hospitali. Munganga wa huko alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia baba: "Hii hapana bulozi, hakuna mutu anamuloga, sitwaye mwenzangu. Ugonjwa wake wa zamani iko, lakini vita njo inamurudilia." Baba alilia. Majirani wakaleta wali na samaki. Hakuna aliyesema Wakusu ni waoga.

Nikamuuliza baba, "Na mama?"

Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: "Mama yako, ile njo kabila yake."

Naona haya, Mama. Naona haya nikisalimiwa njiani kama binti wa baba, naona haya kula sahani moja na watu hawa, na bado nawapenda.

Dereva mmoja kutoka kwenu anasema hata huko unalala chini ya kitanda, na wajomba wanadai umerogwa na Wakusu. Basi kila upande una jina la kabila la kukutupia, na wote wamepumzika.

Mimi siwezi kupumzika. Siku waasi walipoingia nyumbani kwetu nilikuwa mgongoni mwako, mdogo mno kukumbuka. Niambie, hata kwa vipande, hata kama sauti zitakukatiza: tuliona nini?

Nakukumbatia,
Kifungua mimba wako