Maji ya Zuhura Yamehamia Barazani

Mke wangu Bibi,

Shikamoo. Najua ile "marahaba, mume wangu mwongo" yako siisikii tena, lakini kuamkia sijaacha. Majuzi nilipita kaburini nikakuamkia kimoyomoyo tu, maana palikuwa na watu wanafyeka majani, na mwanamume aliyezunguka dunia hapendi kuonekana analia mbele ya wafyekaji. Nikaona bora niandike. Madarasa yangu manne yanatosha. Barua ya mume kwa mkewe haihitaji karani.

Nyumbani hatujambo, ila kisima chako kimefukiwa. Kaa kwanza, usinirukie. Ngoja nifike mwisho.

Tangu uondoke, Ngamiani imeshikwa na serikali ya mji. Watu wanapita na kamba na vigingi, mtaa unanyooshwa, mitaro inachimbwa, na vijana wanaokuja kutoka mashamba ya mkonge wakikosa chumba kwetu wanaelekezwa Makorora, kwenye viwanja vilivyopimwa kama kitambaa dukani. Mimi niliwaambia watu barazani kwamba haya yote niliyaona Bombei na Durban zamani. Wewe ulikuwa ukisema, "Umefika Bombei, ukarudi na mdomo tu." Sawa. Lakini mdomo huo umekufaa, utaona.

Bwana Afya alianza na visima. Kijana wa Kibondei, mpole, shati limepigwa pasi hadi linakata. Akaingia uani, akatazama kisima, akatazama choo, akaniambia, "Mzee Athumani, hiki kifungwe. Mji unaleta bomba, litakaa pale pembeni, dukani."

Nikamwambia hajui anachokigusa. Nikamweleza kama ulivyonieleza nikiwa mdogo: kwamba mama yangu Zuhura alipofariki kwa kunizaa mimi, wewe mamaye ulikichimbisha kisima kiwe sadaka yake, ili kila anywaye, thawabu zimfikie binti yako. Na masharti yako nikamweleza. Hakuna aliyeinua debe uani kwako bila kusema, "Mungu amrehemu Zuhura." Asiyesema ulimmwagia maji chini, akaanza upya. Unamkumbuka yule mchukuzi wa maji aliyejifanya kiziwi? Ulimchotesha mpaka masikio yakazibuka.

Mimi nimekua nikilisikia jina hilo tangu alfajiri hadi magharibi. Wenzangu waliitwa na mama zao. Mama yangu mimi aliitwa na mtaa mzima.

Na zile siku zako za mwisho, uliponishika mkono, hukuomba kingine. "Mume wangu, jina la Zuhura lisikauke." Basi.

Kwa hiyo nilikataa. Nilikaa juu ya ukingo wa kisima, nikamwambia Bwana Afya kwamba mimi nimesimama mbele ya manahodha wa Kizungu, sembuse yeye. Kweli nilisimama, nilikuwa nawapelekea chai. Watu wakajaa uani. Nilikuwa nashinda, Bibi, wallahi nilikuwa nashinda. Halafu jirani yetu Mama Saumu akasema kutoka mlangoni, polepole, "Shemeji, Saumu wangu anaumwa tumbo tangu mvua zianze. Na nyumba ya pili vilevile. Bibi alitoa sadaka ya maji. Hakutoa sadaka ya kuhara."

Hapana aliyecheka. Mimi nilitaka kucheka, nikageuka nikakitazama choo. Maana choo kile tulikichimba baadaye, wapangaji walipozidi, na mahali pengine hapakuwepo. Mji ulitujaa hadi uani, nasi tukajibana hivyo hivyo, maji na uchafu ua mmoja. Nikawaza: mtu akinywa akaugua, na jina la mama yangu bado limo mdomoni mwake, kinamfikia nini mama kule aliko?

Nikashuka.

Lakini mume wako hashuki mikono mitupu. Nikamwambia Bwana Afya, "Kisima chukua. Ila bomba lisiende dukani." Pale malori ya mkonge hukata kona, na wanawake wakipanga madebe watakuwa katikati ya barabara. Nikamwambia serikali imefikiria bomba, haikufikiria watu watakaolingojea. Sisi kungojeana maji tumezoea. Kisimani kwa Bibi, mwenye mimba hutangulia, mwenye msiba humfuata, anayechukua ya kuuza hukaa nyuma na hanung'uniki, na hatujaita polisi hata siku moja. "Lileteni hapa mbele ya nyumba yetu, mtaro unapita, na upenu una kivuli."

Akapiga hatua mbili tatu, akatikisa kichwa. "Nafasi hakuna. Baraza lenu limetokeza mno."

Nikasema, "Livunjeni."

Ndiyo, lile lile. Lile nililokalia nikiwasimulia watu bahari, na wewe nyuma ya mlango unasuka ukili na kunisahihisha. "Durban ulikuwa jikoni, mume wangu. Waambie." Nikishakaa pale nilijiona liwali. Waliponigongea sululu ya kwanza niliingia ndani, nikajidai natafuta kofia.

Wakubwa kule Bomani walikuwa wamekubali, ingawa walikawia hadi tukadhani wametusahau. Kisima kikafukiwa kwa mawe ya baraza lako mwenyewe. Bomba likasimama.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye kipande cha baraza kilichobaki, nikihesabu madebe. Maji ya serikali hayana mwenyewe, Bibi. Hakuna wa kumwaga, hakuna wa kurudisha mtu nyuma. Sikumkumbusha yeyote, niliona haya kuomba. Mama Saumu akatangulia. Debe likajaa, akaweka kata kichwani, akainua, akasema, "Mungu amrehemu Zuhura." Wa nyuma yake akasema. Wa tatu alikuwa binti mgeni, hatumjui. Akauliza, "Zuhura ndiye nani?"

"Mwenye maji," Mama Saumu akamjibu. "Sema, debe litakuwa jepesi."

Akasema. Halafu Mama Saumu akanitupia jicho, akaongeza, "Na mamaye." Tangu hapo husema wote wawili, wewe na mwanao, pamoja, asubuhi na jioni. Na Saumu amepona, juzi kanirushia kokwa la embe.

Basi lala, mke wangu. Baraza lililobaki linamtosha mtu mmoja, na nikiwa hai mtu huyo ni mimi. Nakuahidi, asiyesema sitammwagia maji yake, maana Bwana Afya atanifunga. Lakini nitakohoa. Nitakohoa mpaka aseme.

Msalimie mama. Mwambie asubuhi ya leo nimemsikia tena.

Mumeo mwongo,
Athumani