Mashimo Tisa Chini ya Sakafu Nyekundu

Kisii mjini,
Jumapili alasiri

Mke wangu mpenzi Zuhura,

Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa pembeni, lakini maneno yote yalisomeka. Nimefurahi kusikia homa imemtoka mwanetu Saidi na kwamba mama yako anatembea tena mpaka sokoni. Na kikohozi chako? Hukukitaja, nami nimeona kwamba hukukitaja. Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, ugali wa wimbi nimeuzoea, na gazeti bado linachapa habari ninazowapelekea.

Sasa habari ya nyumba. Sijasahau ulivyoondoka hapa mwaka jana, Saidi ana funza katika vidole vitatu, ukaniambia hurudi mpaka nipate sakafu ya simiti. Nimeipata Nyakoe, soko dogo karibu na mji. Nyumba ina vyumba vitatu na mabati mapya. Mwenyewe ni Mwalimu Nyang'au, Msabato, ambaye anaiuza ili wahamie kwenye shamba lao la chai upande wa Nyamira. Sakafu yote imepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka inang'aa.

Rangi hiyo ndiyo iliyonifanya niiname. Karibu na mlango niliona ufa. Nyufa nyembamba kama unywele sizijali, maana simiti ikikauka hujivuta kidogo. Lakini huu ulimeza ncha ya kisu changu, na upande mmoja ulikuwa umeshuka kuliko wa pili. Nje nako, kibaraza kimeinamia ndani, hivyo maji ya mvua huja mlangoni badala ya kwenda zake. Kibaraza kinatengenezeka. Kilichonisumbua ni ule ufa.

Nilimwuliza Mwalimu kama nyumba ina kasoro. Alifikiri, akasema kwa anavyojua haina. Alhamisi nikarudi na Fundi Okemwa, ambaye amejenga maduka mengi ya hapo sokoni. Alikuja na mtaimbo, akawa anagonga sakafu na kusikiliza. Penye udongo ulioshindiliwa mlio ulikuwa mfupi. Mahali pengine sakafu ililia kama debe tupu, na kila ilipolia hivyo nilitia alama ya chaki. Tulipomaliza, alama zilikuwa saba, nazo zilikaa kwa mistari, hatua nne toka moja hadi nyingine. Nilizitazama kwa muda. Maji hayachimbi kwa mistari, wala mchwa.

Binti wa Mwalimu, Moraa, ambaye ni muuguzi na alikuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa amekaa kibarazani akichambua mboga. Nilimwuliza ni nani anayejua sakafu ilivyomwagwa.

"Hayo muulize Baba," akasema.

Nikarudi kwa Mwalimu. Alinieleza bila kuudhika kwamba siku hizo alikuwa akifundisha Kenyenya. Akifika Ijumaa jioni anakuta kazi imesimama kwa ajili ya Sabato, na Jumapili anaondoka alfajiri. Sakafu aliikuta imeshakauka. Nikamwambia Moraa kwamba baba yake hajui kitu. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Huyo ni Tata. Baba yuko shambani, hapo nyuma."

Zuhura, nimekaa huku miaka miwili nikiuliza watu maswali kila siku, na sikuwa nimelijua hili: kwa Kigusii, baba ni mama, na tata ndiye baba. Sijui nimehoji wanaume wangapi wasiohusika.

Mama Moraa aliitwa, akaja na panga mkononi. Yeye huuza ndizi hapo sokoni, na Kiswahili chake cha biashara kinamtosha. Alitazama alama zangu, kisha akamtazama mumewe.

"Umezunguka unauliza wanaume," akaniambia. "Hapa ilikuwa shamba yangu ya ndizi. Nilimwambia yule fundi wa sakafu ang'oe migomba yote na mizizi. Akakata juu tu, akafunika na mchanga. Akasema simiti ni mawe, mgomba utafanya nini?"

Visiki vilioza chini, vikaacha mashimo, na zege likabaki linaning'inia juu yake. Kimoja kilikataa kufa. Alisema chipukizi lilitokeza kwenye ufa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, akalikata, akapaka rangi. Mwalimu alisema hakuambiwa. Mkewe akasema hakuuliza.

Okemwa alinigeukia. "Mswahili, unanunua nyumba ama shamba ya ndizi?"

Tulicheka, isipokuwa Mwalimu, maana wasipouza hapa hawahami. Mimi nilikuwa nimeshachukua kofia yangu. Ndipo Mama Moraa akaniomba chaki. Alizipita alama zangu zote saba, akasukuma kitanda, akachora duara mahali kilipokuwa. Akaenda kwenye mlango wa jikoni, akachora jingine. Okemwa akagonga yote mawili. Debe tupu.

"Hizi mbili hamkupata," akasema mama.

Siku tatu hizi nimekuwa nikilifikiria jambo hilo. Hakuna aliyemwuliza. Angenyamaza, ningejaza mashimo saba na kulala juu ya la nane.

Tumepatana kwamba kila alama itavunjwa, visiki vichimbuliwe, mawe yashindiliwe, na zege jipya limwagwe na kulowanishwa chini ya magunia kwa wiki nzima. Kibaraza kitainuliwa upande wa mlango. Sakafu itabaki na viraka tisa vya kijivu juu ya wekundu. Haitapendeza, lakini ni simiti, na nitajua kilicho chini yake.

Sijatia sahihi. Nimewaambia atakayelala hapo pamoja nami yuko Mombasa, na hajasema. Mama Moraa aliona hilo ni sawa. Aliuliza tu kama unajua kupika ndizi.

Nisalimie mama yako, umwambie dawa ya miguu nimeituma. Msalimie kaka yako fundi cherehani, na jirani yetu anayekusomea barua macho yakikuuma. Saidi mwambie viatu vyake vipo.

Niandikie: nitie sahihi, au niendelee kutafuta?

Mumeo,
Hamisi