Nilibadilisha Mwana Hiti wa Ukoo, Sasa Mdogo Wangu Anaitwa Tasa

Mpendwa mshauri Bi. Apolonia,

Shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana barua hii nimeileta kwa mkono wangu mwenyewe hapo mapokezi ya gazeti lenu nisije nikasubiri posta, na kama utaona inafaa kuchapwa tafadhali usitaje jina langu wala mtaa wetu, sema tu ni dada mtu wa Temeke.

Sisi ni Wazaramo na nyumba yetu ni ya dini, marehemu baba alikuwa akiadhini msikitini, lakini mambo ya wanawake yalibaki kwa wanawake na yeye hakuyauliza. Katika mambo hayo kuna mwana hiti, ni mti uliochongwa, ana kichwa chenye nywele zilizogawanyika pande mbili na kiwiliwili, mikono hana na miguu hana, na msichana akiwekwa ndani kufundwa anakabidhiwa huyo amlee, amwogeshe, ampake mafuta ya mbarika, alale naye, maana anavyomtunza huyo ndivyo atakavyokuja kuwatunza wa kuwazaa mwenyewe. Wa kwetu alishikwa na bibi, na mama yake bibi, na siku hizi anatunzwa na shangazi yetu Mwajabu, amefungwa kaniki ndani ya kasha chini ya kitanda.

Mimi ni karani wa kupiga chapa kwenye chuo kimoja hapa mjini na bosi wangu ni mwalimu Revelian, msomi wa dini za kale. Mwaka jana ofisi ililetewa kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu, na mwalimu akajiunga na kundi la wasomi wa nchi mbalimbali wanaotumiana humo maandishi na picha za miungu ya zamani, hadithi zake na michongo yake, kazi yangu ikawa asubuhi kuzitoa kwenye karatasi barua zilizoingia na kumwekea mezani, basi na mimi nikawa nasoma. Nikaona sanamu za Misri, za Wagiriki, za Wahindi, watu wazima wanabishana kwa heshima zote kuhusu pua ya sanamu, na siku moja mdomo ukaniponyoka nikasema, "Mbona hata kwetu tunaye." Mwalimu aliacha chai yake ikapoa.

Alinibembeleza, Bi. Apolonia, na mimi nikabembelezeka. Shangazi alikuwa kwenye msiba Kisarawe, nikafungua kasha, nikampeleka ofisini ndani ya mfuko wa rambo. Mwalimu alimpiga picha, picha zikaingizwa kwenye kompyuta zikatumwa, na majibu yakamiminika, mmoja akasema huyu ni mungu wa kike wa ardhi, mwingine akasema asili yake ni Misri, wa tatu akawakatalia wote wawili na kutaka kuona mgongo wake na chini yake. Sitakuficha, nilisikia raha, kitu cha nyumbani kwetu kinazungumzwa na dunia, nikawa natembea kichwa juu. Mwalimu akasema nimwachie kidogo amchukue vipimo, nikamwachia, naye akamfungia kwenye kabati la chuma, halafu akawaandikia wenzake kwamba kitu chenyewe anacho yeye, na mmoja wao akajibu kwamba anapanda ndege kuja kukiona.

Hapo ndipo nyumbani wakaamua kumweka ndani mdogo wangu wa tumbo moja, Najma. Amemaliza kidato cha nne, wazee walikuwa wanasubiri shule iishe, na ameshachumbiwa na Farhan, kijana wa Ukonga, mtu mpole anayempenda kwa dhati. Nikaenda kwa mwalimu nikamweleza kwamba mwana anatakiwa nyumbani, akaniambia, "Sista, subiri mgeni aje aondoke. Ukiichukua sasa utaniaibisha mbele ya dunia nzima." Na wewe unajua hali ya makazini ilivyo, watu wanapunguzwa, na majina ya wa kupunguzwa yanapitia kwenye meza za wakubwa ikiwemo ya kwake, basi nikanywea.

Nikachukua ile picha nikaenda nayo Keko kwa fundi mmoja anaitwa Shomari, kazi yake vitanda na makabati, nikamwambia nichongee kama huyu. Akaniambia, "Dada, mti nilionao mbichi huu, uache ukauke, utakuja kupasuka." Nikamjibu mie namtaka kesho. Nikampaka masizi, nikampaka mafuta, nikamfunga kaniki ileile, nikamlaza kwenye kasha. Shangazi ana mtoto wa jicho, alimpapasa kichwa na nywele, akaridhika, akamkabidhi Najma.

Bi. Apolonia, mti umepasuka. Umepasuka kutoka kifuani mpaka kitovuni, mikononi mwa Najma, akiwa anaupaka mafuta. Kungwi alipiga ukelele watu wa nyumba ya pili wakatoka nje. Sasa wanasema tumbo la mdogo wangu limepasuka hivyohivyo na hatazaa, wengine wanasema amevunja mwiko, wamembana kwa maswali, "Umefanya nini wewe? Nani kaingia humu ndani?" Analia, anaapa hakuingia mtu, na kadiri anavyoapa ndivyo wanavyomtazama vibaya. Hali chakula. Jana niliposimama kwenye pazia aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, kwani mie nimemuua?" na mimi nilichoweza kumjibu ni kwamba anywe uji.

Habari zimefika Ukonga, mama yake Farhan ametuma mtu kusema wao watasubiri kwanza. Jumapili hii wazee wanakaa kuamua kama mwali atolewe nje au posa irudishwe. Nikisema ukweli shangazi atanitolea radhi na kazi nitakosa. Mgeni anakuja wiki ijayo, na nimewaza kwamba akishaondoka nimchukue mwana wa kweli nimrudishe kimyakimya, waamke wamkute mzima hana ufa, waseme Mungu kamponya. Nifanye hivyo? Naomba unijibu, mimi usingizi sina.

Dada Mtu,
Temeke.

BI. APOLONIA ANAJIBU

Marahaba, dada mtu. Majina yote nimeyabadilisha, hata la fundi wa Keko, kwa hiyo pumua. Umemaliza kupumua? Sasa sikiliza.

Mimi ni mtu wa bara na Mkristo, mwana hiti sikufundwa naye, kwa hiyo sitajifanya nakufundisha mila za kwenu. Ila mbao nazijua, nina kabati langu mwenyewe la mbao mbichi linalolia kila kiangazi. Mti mbichi unapasuka. Fundi alikuonya. Hakuna mwiko uliovunjwa na Najma, hakuna tumbo lililopasuka, na katika watu wote wa nyumba hiyo anayelijua hilo ni wewe peke yako, halafu umekaa unapanga muujiza!

Huo muujiza wako umenikasirisha kuliko yote. Wiki ijayo! Wazee wanakaa Jumapili, wewe unasubiri mgeni wa ndege. Posa itakuwa imesharudi Ukonga na mdogo wako ameshapewa jina ambalo litamfuata mpaka uzeeni. Na tuseme wakamkuta mwana mzima asubuhi, unadhani watanyamaza? Watataka kujua aliponaje, na aliyekuwa naye chumbani ni nani. Watamfanya mdogo wako mchawi, na wewe utakuwa umesimama palepale kwenye pazia ukimwambia anywe uji.

Ninakuonea huruma, usidhani sina moyo. Umefanya kazi kwa woga, na woga wa kupunguzwa kazi siku hizi ni woga wa kweli, nyumba ngapi zimelala njaa. Na ile raha yako ya kusikia cha kwenu kinatajwa pamoja na cha Misri, naielewa pia, hakuna aibu katika hilo. Ubaya ulianza ulipoambiwa subiri na ukakubali, na ukaenda Keko badala ya kwenda kwa shangazi.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Leo hiihii nenda kwa shangazi yako Mwajabu, piga magoti, sema yote kuanzia kasha mpaka masizi, usipunguze na usimtupie mwalimu mzigo wote. Atakufoka. Akitaka kulia mwache alie, akitaka kukutukana mbele ya ukoo mzima utulie usikie. Akimaliza, mwombe kesho asubuhi muongozane ofisini. Usiende peke yako, wewe ukienda peke yako utanywea tena, nakujua sasa. Akae yeye mbele ya meza ya huyo msomi na kusema, "Nimemfuata mwanangu." Huyo mwalimu akimnyima mwenye mali mali yake mbele ya watumishi wengine, basi nendeni wote wawili kwa mkuu wake wa chuo, na hapo jina halisi la mwalimu nitalichapa.

Na wewe mwalimu, maana najua magazeti mnasoma, wenzako duniani wanabishana kama huyu ni mungu wa ardhi au wa Misri, na wote wamekuamini wewe. Waandikie leo kwamba ana wenyewe, hawakuulizwa, na kwamba unapokimbilia kumwonyesha mgeni wako, binti mmoja amekaa chumbani akiambiwa ni tasa kwa sababu kabati lako limefungwa. Kama ni wasomi wa kweli watakushangaa wewe kuliko huo mchongo.

Ijumaa jioni shangazi na kungwi, na mwana wao mkononi, waende Ukonga kwa mama yake Farhan wakamweleze kabla ya kikao. Wewe uende nao, na kosa uliseme kwa mdomo wako. Yule wa Keko usimchome wala usimfiche, waache wao waamue afanywe nini. Kazi ikiondoka, niandikie, nitakupigia hodi kwa mtu ninayemjua anayetafuta mpiga chapa.

Lakini kabla ya shangazi, kabla ya hayo yote, ingia ndani ya lile pazia ukakae kwenye mkeka na mdogo wako. Mwambie ni wewe. Usianze kwa kumwomba msamaha, maana msamaha utakupoza wewe, na wewe unaweza kusubiri. Yeye mwambie tu kwamba hajafanya kitu.