Zamu ya Alhamisi Iliyotolewa na Simu

KAMATI YA MFONGO (MFEREJI) WA UMWAGILIAJI, MWIKA
KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 16 Agosti 2025, saa 9:00 alasiri
Mahali: Barazani kwa Mwenyekiti
Waliohudhuria: Sirili Makyao (Mwenyekiti), Anaeli Mremi (Katibu), Priska Ringo na Elimringi Lyatuu (wajumbe)
Mlalamikaji: Eunike Lyatuu, mjane
Hakuhudhuria: Gerson Macha (mjumbe), bila taarifa, ingawa alionekana Himo saa nane

KUMB. NA. 1/08/2025: KUFUNGUA
Mama Priska aliomba simu zote zizimwe na kuachwa jikoni, kwa kuwa "hatujui zinamsikilizia nani." Katibu alipinga, akashindwa kwa kura tatu dhidi ya moja.

KUMB. NA. 2/08/2025: MALALAMIKO
Mama Eunike alieleza kwamba Alhamisi mbili mfululizo Mzee Elimringi amegeuza maji ya zamu ya mlalamikaji kuyapeleka kwenye migomba yake mwenyewe, na miche mia mbili ya kahawa ya mlalamikaji inanyauka. Alimwuliza: "Shemeji, hayo maji nilikupa lini?"

Mzee Elimringi alijibu kwamba aliiuliza simu ya mkwewe, ikasema Alhamisi ni ya Elimringi. "Simu haina shamba hapa wala haina ndugu. Itampendelea nani?"

KUMB. NA. 3/08/2025: ALIYEIAMBIA SIMU
Wajumbe walitaka kujua nani ametoa nje mambo ya mfongo. Katibu alitazamwa. Alieleza kwamba programu za akili mnemba zinazojibu maswali kwenye simu hufundishwa kwa kusomeshwa maandishi yaliyomo mtandaoni. Hazifiki kwenye mfongo wala hazimhoji mwenye maji. Na jambo lililoandikwa na mtu mmoja tu huweza kurudiwa kana kwamba limesemwa na kijiji kizima.

Mama Priska aliuliza mtu huyo mmoja ni nani. Katibu alikiri kwamba ni yeye: tasnifu yake ya chuo ya mwaka 2021 imo mtandaoni, pamoja na jedwali la zamu. Aliulizwa jedwali alilipata kwa nani. Alijibu: kwa Mzee Elimringi, peke yake.

Ilikumbukwa kwamba mwaka huo Mama Eunike alifiwa na mumewe, na kwa desturi ya mfongo huu nyumba yenye msiba haimwagilii. Jirani hushika zamu, kisha huirudisha. Mzee Elimringi aliirudisha baada ya miezi mitatu. Jedwali lilibaki vilevile, Alhamisi ikiwa ya Mzee Elimringi.

Mama Priska alisema: "Baba, umesema mwenyewe, simu ikakurudishia, nawe umeileta hapa iwe shahidi wako!" Mzee Elimringi alidai hakumbuki kuhojiwa. Katibu alisema sauti iliyorekodiwa anayo. Mwenyekiti aliagiza isiletwe.

Katibu alisisitiza kwamba jedwali lilikuwa sahihi siku lilipoandikwa. Mwenyekiti aliuliza kama tasnifu inasema kwamba zamu hiyo ilishikwa kwa muda wa msiba tu. Katibu alijibu kwamba haisemi.

KUMB. NA. 4/08/2025: MAAMUZI
Alhamisi ni ya Mama Eunike. Mzee Elimringi atamfidia kwa Jumatatu zake mbili. Katibu atasahihisha maandishi yake.

Mama Eunike aliuliza simu itayasoma lini masahihisho hayo. Katibu alijibu kwamba hajui, na huenda isiyasome kabisa.

"Basi Alhamisi nani atasimama pale maji yanapogawanyika?"

Mwenyekiti alimwagiza Katibu awepo saa kumi na moja alfajiri, na jembe.

Wajumbe walichukua simu zao jikoni na kutawanyika saa 11:20 jioni.

S. Makyao, Mwenyekiti ……………
A. Mremi, Katibu ……………